Sanduku la Mlimani Halina Jirani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilibeba sanduku jepesi mgongoni nikaufurahia wepesi wake. Tangu siku hiyo mzigo mwepesi hunitia wasiwasi. Nimesikia Jumamosi mnawapandisha vijana wa mtaa mlimani, na kwamba sanduku la huduma ya kwanza umekabidhiwa wewe. Basi kaa kidogo. Mzee ukimharakisha husahau pale penye maana, na mimi nisingependa upande huko bila kulisikia hili.

Enzi hizo nilikuwa kijana wa umri wako. Tuliishi Mafiga, mimi, mama na mdogo wangu Idi. Idi alikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, mbishi, hatulii. Ukimtuma dukani alikwenda mbio na kurudi mbio, halafu akakuuliza kama kuna pengine pa kwenda. Mjomba wetu Seifu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori. Alibeba mahindi na karanga kutoka Gairo kuleta mjini, na siku ambazo hakuwa na safari ungemkuta shambani kwake, huko juu ya Mlali, kwenye miteremko ambayo ukidondosha boga unalifuata bondeni.

Sisi Waluguru, kama ulikuwa hujui, mjomba ndiye mwenye neno. Baba ni baba, tunampenda na tunamheshimu, lakini ardhi inapita kwa mama. Inatoka kwa mjomba inakwenda kwa mpwa. Mjomba Seifu alikuwa na wapwa wawili, na hakuficha amemchagua nani. Mimi nilikuwa mtu wa mtaani na wa maneno mengi. Idi ndiye aliyependa jembe, na ndiye aliyekuwa na miguu. Mjomba alizoea kusema, "Shamba langu halimtaki mwenye nguvu, linamtaka mwenye magoti." Idi akisikia hivyo alikuwa anaruka ruka uani kumwonyesha magoti yake, na sote tunacheka.

Tulikuwa na kikundi cha vijana, wavulana kwa wasichana. Tulikimbia asubuhi, tulicheza mpira, na mara kwa mara tulipanda mlimani, tukaoga kwenye kidimbwi cha mto kisha tukapita shambani kwa Mjomba kula mihogo yake. Mama zetu walikuwa na hofu. Siku moja Mjomba akaja na sanduku la bati alilolipaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye ukarabati wa lori. Akaketi barazani, akatandika mkeka, akalifungua mbele yangu. Bandeji pana na bandeji nyembamba. Gozi za kufunikia jeraha, zimefungwa kwenye karatasi zake. Plasta. Mkasi. Pini. Kibanio cha kutolea miiba. Spiriti, sabuni mpya, na panadoli. Kila kimoja alinishikisha mkononi na kuniambia kazi yake, kisha akanitaka nimwambie yeye.

Tulipomaliza akafunga, akanikabidhi. "Zuberi," akasema, "hili ni la mlimani. Usilifungue mpaka mtu alie."

Nikasema ndiyo, Mjomba. Ndiyo ya mdomoni haina gharama, mwanangu.

Lazima nikwambie kwamba Mjomba Seifu alijulikana kwa uchoyo, na uchoyo wenyewe ulikuwa wa jambo moja tu. Ndani ya lori lake alikuwa na sanduku kama lile. Utingo wake alituhadithia kwamba siku moja kichwa kilimgonga njia nzima, akamwomba panadoli. Mjomba hakumpa. Akaendesha mpaka Gairo, akasimamisha lori na mzigo wake, akaingia dukani, akamnunulia. Sanduku likabaki limefungwa. Tulicheka mpaka machozi. Tukampa jina, mchoyo wa panadoli, na mama, ambaye kama dada yake aliruhusiwa kumtania, alimwita hivyo mbele yake. Mjomba alicheka na sisi. Hakujitetea hata mara moja, na mimi nilidhani hana la kujitetea.

Sanduku likakaa nyumbani, juu ya kabati. Na nyumba yetu, unajua ilivyo mitaa yetu, mlango ulikuwa wazi tangu alfajiri. Akaja Mama Tausi, jirani wa ukuta kwa ukuta, kichwa kinamuuma. Amesikia tuna dawa. Nimwambie nini? Kwetu chumvi hunyimi, moto hunyimi, sembuse dawa. Ukimnyima mtu dawa leo, kesho mtoto wako akiumwa utapita mlango gani? Nikapanda juu ya kiti, nikatoa panadoli mbili. Mama Tausi akaniombea dua ndefu, akaenda kuwaambia wenzake kwamba mtoto wa dada yake Seifu hakurithi uchoyo.

Nikwambie ukweli, maneno yale yalinikaa vizuri. Nikayapenda.

Fundi cherehani wa pale kona akaazima mkasi, wa kwake umepelekwa kunolewa, kesho narudisha. Wasichana wa kikundi wakachukua pini za kubania ushungi siku ya Maulidi. Mama akaichukua spiriti kuwashia jiko la mafuta, kidogo tu, halafu kidogo tena. Plasta zikaenda kwenye malengelenge ya viatu vipya. Mzee mmoja jirani alikuwa na kidonda sugu mguuni, nikampa gozi zote, na hizo mpaka leo sijutii kumpa, najuta kutozirudisha. Bandeji nyembamba nahodha wetu akaifunga mkononi kwenye mechi, ili refa amjue. Ile pana, watoto waliifanya nini sijui. Nadhani iko ndani ya mpira wa matambara mahali fulani. Kila aliyechukua alisema kesho, na mimi kila mara nilisema nitanunua nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hicho humwagika haba na haba, usisikie hata mlio.

Ikafika Jumamosi ya kupanda. Nikalitia sanduku kwenye kiroba, nikalivaa mgongoni. Jepesi. Nikajiona nimekuwa na nguvu. Sikulifungua. Wenzangu walikuwa nje wananiita, jua limeanza kutoka, na mimi ndiye bwana huduma ya kwanza, sikutaka kuonekana ndiye ninayewachelewesha.

Tulipanda kwa njia ya Mlali. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umelainika. Idi alikuwa mbele kama kawaida yake, anatokomea kwenye kona, anarudi kutucheka, anatokomea tena. Halima, msichana wa jirani, alikuwa amejitwika sufuria la pilau juu ya khanga aliyoikunja ngata. Karibu na kijito, mahali ambapo watu walikuwa wamekata mianzi, tukasikia kishindo, halafu kimya. Idi kimya hakuzoeleka. Nikaanza kukimbia.

Mwanzi ukikatwa kwa panga kwa mshazari, kisiki chake kinabaki na ncha. Idi alikuwa ameteleza akakiangukia kimoja kwa mguu, kikamchana chini ya goti, jeraha refu lililoingia ndani. Amekaa chini, ameushika mguu kwa mikono miwili, na damu inapita katikati ya vidole. Hakulia. Aliniangalia akasema, "Kaka, afadhali umekuja na sanduku."

Nikalishusha. Nikafungua. Wenzangu wote wamenizunguka, na wote wameona nilichokiona. Kulikuwa na karatasi tupu za gozi. Kulikuwa na kichupa cha spiriti kikavu. Kulikuwa na kibanio, ambacho hakuna aliyewahi kukitaka, na panadoli moja.

Nahodha akageuza uso. Wasichana wawili wakajishika ushungi, pale penye pini. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha lile sanduku nyumbani kwake.

Idi akachungulia ndani. Midomo ilikuwa imeanza kupauka, lakini ni Idi. "Basi nipe hiyo panadoli," akasema. "Na mimi ni jirani."

Mwanangu, nimetukanwa katika maisha yangu, na nimefukuzwa kazi. Hakuna maneno yaliyonichoma kuliko utani ule.

Halima ndiye aliyetuzindua. Alikuwa ameshatua sufuria, akanirushia khanga yake. Nikaikunja, nikaikandamiza kwenye jeraha kwa viganja vyote viwili kama Mjomba alivyonifundisha, nikabana bila kuachia, mguu tukauinua juu ya kiroba. Damu ikapungua, kisha ikakubali kusimama. Tukafunga juu yake kwa mikono ya shati. Lakini khanga ile ilikuwa ngata. Ilibeba kuni juzi, mkaa jana, na asubuhi ile masizi ya sufuria. Niliuona weusi wake na sikuwa na kingine. Hata sabuni tulikuwa tumeshaifulia jezi.

Tukambeba kwa kupokezana mpaka barabarani. Gari la mboga likatupakia katikati ya matenga ya kabichi, likatufikisha hospitali mjini. Walimsafisha, wakamshona, wakamchoma sindano. Lakini siku zilizofuata mguu ukavimba, homa ikapanda, na daktari akamwambia mama kwamba uchafu umeingia mpaka ndani ya goti. Hawakumkata mguu, alhamdulillahi. Goti lenyewe ndilo lililogoma kukunjika, na halijakunjika mpaka leo.

Mjomba alipofika hospitali hakuanza na mimi. Alikaa na Idi, akamshika kichwa, wakanong'ona yao. Kisha akatoka ukumbini, akakaa kwenye benchi, akaniambia nilete sanduku. Nilidhani atanipiga. Nilikuwa nataka anipige.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mkasi uko wapi?"

"Kwa fundi."

"Spiriti?"

"Mama aliwashia jiko."

"Bandeji?"

Nikamfungulia sanduku ajionee. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu mifuko iliyopungua kwenye lori. Akafunga kifuniko.

"Khanga ya yule binti imemwokoa mdogo wako," akasema. "Hiyo usije ukaijutia. Ulikuwa na khanga, ukatumia khanga. Lakini wewe ulinicheka kwa panadoli, Zuberi. Sikukataa kumpa utingo dawa, nilimnunulia. Nilichokataa ni kufungua. Nyumbani kuna majirani, na jirani hanyimwi. Sanduku la mlimani halina jirani. Jirani yake ni yule ambaye bado hajaanguka."

Akaondoka. Hakulirudia tena jambo hilo mpaka kufa kwake, na mama naye hakumwita tena mchoyo.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii watu huitupa tu, lakini mimi nina neno nayo. Asiyesikia nilikuwa mimi. Guu lililovunjika halikuwa langu. Methali ingenipiga mimi ningeinyamazia, ningesema nimekoma. Ilimpiga mdogo wangu aliyekuwa anakimbia tu.

Idi hakurudi tena shambani. Kwenye mteremko ule mtu asiyekunja goti hawezi kupanda wala kushuka. Alijaribu mara moja, kwa siri, tukamkuta ameketi chini pale daraja la miti, mwanzo wa njia, fimbo kando yake, anaangalia juu. Baadaye Mjomba akamtafutia mahali kwa rafiki yake mfanyabiashara wa karanga Gairo, ambako ardhi ni tambarare. Ameoa huko, ana watoto na wajukuu, ana kibanda chake sokoni, na bado ni mtu wa mzaha. Hajanilaumu hata siku moja. Nikienda kumtembelea hunikaribisha kwa kuniambia, "Karibu, jirani," nami hucheka, na moyoni huwa sicheki. Shamba likaniangukia mimi, mtu wa maneno mengi. Nalilima kwa kukodi watu.

Sasa nikuambie la kufanya, maana majuto ni mjukuu na mimi nimeshazeeka nayo.

Weka masanduku mawili. La nyumbani liache wazi, litie panadoli na plasta, na kila anayeumwa kichwa apite achukue, upate dua zako. La mlimani liweke mbali na macho ya watu. Usilitie kufuli, kwa sababu siku ya shida ufunguo hupotea. Chagua mkoba wa begani badala ya bati, wenye rangi inayoonekana kwenye majani, usiopitisha maji, na wa kufungua kwa mkono mmoja. Vitu vya damu viwe juu kabisa, gozi safi nyingi, bandeji pana, glavu, kwa kuwa damu haisubiri upekue. Usijaze vidonge ukadhani umeandaa sanduku. Neno lenyewe ndilo linalotudanganya, tunaliita sanduku la dawa, kumbe vijana wa mlimani wanahitaji zaidi kitambaa safi, maji safi na sabuni. Weka kitambaa cha kukandia kwa maji baridi na bandeji ya kufungia kifundo kilichoteguka, maana hicho ndicho utakachokutana nacho zaidi. Weka kibanio, pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini kwa atakayeharisha au kuishiwa nguvu kwa jua, shuka jepesi, tochi, filimbi. Nyembe za kuchanja mtu aliyeumwa na nyoka, na mipira ya baiskeli ya kumkaza mguu, usiweke hata mzee gani akushauri. Ukivibeba utavitumia. Aliyeumwa na nyoka mtulize, asitembee, mbebeni mumfikishe hospitali.

Waulize wazazi kabla. Nani ana pumu, nani anaanguka kifafa, nani akiumwa na nyuki anavimba koo. Mwenye dawa yake aibebe mwenyewe na wewe ujue iko mfuko gani. Vijana huona haya kusema, hasa mbele ya wenzao, kwa hiyo muulize kila mmoja pembeni. Namba ya simu ya dereva wa bodaboda anayekaa chini ya mlima uwe nayo, na simu yako isiwe ya kupigia picha mpaka betri iishe. Yule kijana anayetangulia mbele, usimkataze kukimbia, hatakusikia. Hakikisha tu mkoba hauko nyuma kabisa kwa mvivu.

Na kuna hili, ndilo nililokuitia. Ijumaa, kabla hujalala, fungua. Usitikise, usipime uzito, usiseme nakumbuka niliweka. Fungua, gusa kimoja kimoja. Wakikucheka waache wakucheke. Wakikupa jina lipokee.

Mjomba Seifu aliposhindwa na uzee aliusia azikwe juu, karibu na kaburi la mama yake. Idi alikuja kutoka Gairo. Tulipofika pale daraja la miti vijana wakataka kumbeba, wamepata kiti na fito. Akakataa. "Leo anayebebwa ni Mjomba," akasema. Akaliwekea jeneza mkono, akaliachia lipite, akaketi chini pale pale nilipomkuta siku ile ya zamani. Tukapanda, tukazika. Niliposhuka bado alikuwepo, uso umeelekea juu.

"Umenitupia udongo wangu?" akaniuliza.

"Nimekutupia."

"Kwa mkono gani?"

Nikamwonyesha mkono wa kulia, bado una wekundu wa kule juu. Akaushika, akaufikicha kwa vidole vyake mpaka udongo ukahamia kwake, kisha tukaondoka, mimi nikipunguza hatua ili aweze kunifuata.

Mwanangu, udongo wa mjomba wake alipaswa autupe mwenyewe. Nilimnyang'anya kwa panadoli mbili na sifa za Mama Tausi. Basi kuwa mkarimu kwa kilicho chako, na kilichowekwa kwa ajili ya atakayeanguka kuwa mchoyo nacho bila haya. Mungu awapandishe salama na kuwashusha salama. Akulindie magoti ya wale uliokabidhiwa. Na mkoba wako urudi Jumamosi jioni ukiwa mzito vile vile kama ulivyokwenda. Amina.